Safu ya Nane

Tarehe ishirini na tatu nafunga mlango wa ofisi,
si kwa ajili ya vumbi la chokaa,
vumbi la Amboni halijapata kuheshimu mlango,
bali kwa ajili ya safu ya nane.

Mimi ndiye mwandishi wa kitabu
kinachosomwa na watu wawili: mimi na meneja.
Majina mia moja na kumi na mawili,
na kila jina nalijua bei yake.

Mstari wa arobaini: Eliaichi Mshana,
mkemia, shahada ya uzamili.
Mstari wa arobaini na moja: Mwanakombo Kibwana,
mkemia, shahada ya uzamili.
Chuo kimoja, mwaka mmoja, meza moja ya maabara;
tena Mwanakombo ndiye aliyemkalisha mwenzake usiku kucha
wiki ile ya mtihani wa asidi na besi.
Wakisimulia, wote wawili hucheka.

Safu ya nane haicheki.
Milioni tatu na laki mbili.
Laki tisa na themanini.
Mwezi wa kwanza nilidhani nimeruka tarakimu,
nikahesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la pili.
Sikuruka kitu.
Huyu kaajiriwa na kampuni,
yule kaletwa na wakala,
na wakala naye ana tumbo.

Dakta Shekiondo hayumo kabisa.
Uzamivu wake hulipwa kwa sampuli,
chupa moja elfu kumi na tano,
kama mbangua korosho na kilo zake.
Huja kwa baiskeli kutoka Chumbageni,
mguu wa suruali kaubana kwa kamba ya kiatu,
anachungulia dirishani: "Leo zipo ngapi?"
Juzi zilikuwa nne.
Akasema alhamdulillahi,
akazipima zote nne hadi desimali ya tatu.

Na mimi nimo, mstari wa kumi na tisa.
Miaka miwili ya masomo ya jioni,
nikirudi Barabara ya Kumi na Mbili daftari kwapani,
mwanangu keshalala kwa jirani, na viatu vyake miguuni.
Nikapata uzamili. Nikapiga picha na joho la kukodi.
Nyongeza: elfu arobaini na mbili.
Niliiandika mwenyewe, kwa vidole hivi,
kisha, kwa vidole hivi hivi,
nikaikatia Bodi ya Mikopo elfu thelathini na moja.
Elimu haina mwisho, wanasema.
Mshahara wangu unao: tarehe tisa.

Mama hakujua kugawanya kwa kalamu.
Idi ilipofika alipakua kwa upawa mmoja,
sisi tisa na wawili wa jirani,
na hakuna aliyechungulia sahani ya mwenziwe,
kwa kuwa hapakuwa na cha kuchungulia.
Hapa kuchungulia ni kosa.
Kifungu cha kumi na nne, nami nimekitia sahihi:
mshahara ni siri.
Siri ya nani, hawakuandika.

Saa saba kengele ikalia.
Tukakaa watatu, muhogo wa nazi katikati,
moshi wa tanuri ukipita juu ya bati.
Eliaichi akapapasa mifuko: noti ya elfu kumi tu,
na mama ntilie hana chenji.
"Acha," akasema Mwanakombo, "leo zamu yangu."
Akafungua pochi yenye zipu mbovu,
akatoa elfu mbili, elfu moja,
sarafu akazihesabia kiganjani,
taratibu, kama anayepima unga wa dawa.
"Kesho mimi," akasema Eliaichi,
na namjua, hakusema kwa hila.

Kijiko changu kikagonga sahani.
Mwanakombo akanigeukia:
"Vipi wewe, mbona macho mekundu?"

Nikasema chokaa.
Amboni hapa, nani atabisha?